Simu Isiyoona Waifai

Mvua ikinyesha Mitunguu, simu haipigi wala haipokei, kwa hivyo pale kwa mama nilitegemea waifai peke yake. Mchana huo nilingoja mahojiano ya kazi kwa video, na simu haikuona mtandao wowote. Niliizima, nikaiwasha. Nikaiwasha alama ya ndege, nikaizima. Nje kulikuwa na matope tu na migomba iliyolala. Kwa hasira nikafuta mipangilio yote ya mtandao. Bado, hakuna kitu.

Nilimkuta mama chumbani ameketi kitandani, amekifunga kisanduku cha waifai kwa blanketi na kukipakata kama mtoto.

"Mama! Umekichomoa?"

"Si radi imepiga? Hapa radi ikipiga tunazima kila kitu. Kikiungua, nitakuona na nini ukirudi Embu?"

Nilikinyakua, nikakichomeka. Papo hapo simu ikaiona waifai, kisha ikaniomba paswadi, ile niliyotoka kuifuta kwa mkono wangu. Aliyeijua ni kaka yangu pekee, naye alikuwa Embu, ng'ambo ya mvua.

Mama akasogea kidogo kitandani.

"Sasa si uketi," akasema.