Pua ya Mama Marashi

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Marashi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kibanda chake kilibanwa katikati ya fundi cherehani na fundi simu, upana wake mikono miwili iliyonyooshwa, lakini ukipita mbele yake lazima ungepunguza mwendo. Ndani kulikuwa na sabuni za mchaichai alizozipika mwenyewe na kuzikata kwa uzi, mafuta ya kujipaka ya asumini, chumvi ya kuogea, na nyuma ya kaunta, rafu yenye chupa arobaini na mbili za mafuta ya kuchanganyia marashi. Hata chupa moja haikuwa na jina.

Hilo alilifanya makusudi. Zamani alikuwa na msaidizi, akamwamini, msaidizi akanakili majina yote yaliyobandikwa kwenye chupa, kisha akaenda kufungua duka lake mtaa wa pili. Mama Marashi akazilowesha chupa zote kwenye beseni, akabandua karatasi kwa kucha, akaapa kwamba kuanzia siku ile daftari lake ni pua. Na pua ile ilikuwa pua kweli. Alifungua kizibo, akanusa mara moja tu, akatabasamu kama mtu aliyeitwa na rafiki. Mteja akitaka kitu cha kuogea asubuhi kimwamshe, au cha jioni kimlaze, alimpatia, na watu walirudi.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliomba kufundishwa tangu akiwa shuleni. Kila mwaka mama alimjibu lile lile: "Wewe pua yako ni ya kupengea kamasi tu." Watu wakacheka. Binti naye akacheka, kwa sababu ungefanya nini, halafu akatafuta kazi ya kufua mashuka hotelini. Wapo waliosema ule ulikuwa utani wa mama na mwana. Utani wapi. Ulikuwa woga, mwanamke yule aliogopa kuibiwa hata na damu yake mwenyewe.

Mwezi wa pili akashikwa na mafua mabaya yaliyomlaza siku tisa. Siku ya kumi akapata nafuu, akaingia bafuni na kipande cha sabuni, kwani kuoga kwake ilikuwa starehe asiyoikosa hata siku ya msiba: maji ya uvuguvugu, povu jingi, kisha mafuta kuanzia shingoni hadi vidoleni, taratibu, mlango umefungwa, mtu yeyote asimwite. Akajimwagia, akajisugua, akaileta sabuni puani. Hakuna kitu. Akaivunja, akanusa katikati. Ni kama kunusa jiwe. Akakaa kwenye kigoda cha bafuni hadi maji yakamkauka mwilini, akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi kuliko huzuni.

Hakumwambia mtu. Muuza marashi asiyenusa angekuwa kichekesho cha mtaa mzima, na yeye alijua watu wanavyocheka, maana alikuwa wa kwanza kuwacheka wenzake. Bahati yake, mikono ilikumbuka. Waridi safu ya juu, ya tatu kutoka kushoto. Karafuu chini, pembeni kabisa. Akawa anachanganya kwa kuhesabu nafasi, huku akifumba macho kila alipofungua kizibo ili wateja waone ananusa. Miezi mitatu ikapita hivyo, na hakuna aliyeshtuka.

Jumapili moja asubuhi binti alitoka zamu, na badala ya kwenda kulala akapitia kibandani. Alikuwa na ufunguo wa akiba, na mama yake hajafika. Akataka kumfurahisha. Akashusha chupa zote, akazifuta vumbi moja moja, akapangusa rafu, kisha akazipanga upya kwa urefu, ndefu nyuma, fupi mbele. Hakuona ubaya wowote. Si mama mwenyewe aliyejipiga kifua miaka yote kwamba hata ukizivuruga gizani atazijua?

Mama alipoingia, roho ilimruka.

"Umefanya nini?"

"Nimekusafishia, mama. Si zimependeza?"

"Zimependeza," akasema.

Hapo angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mtu na mwanawe. Neno moja, na msichana angevuta kigoda akamnusia chupa zote arobaini na mbili. Lakini alipiga moyo konde, akafunga aproni.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, ambaye kwa miaka kumi na minne alichukua marashi yale yale aliyoyapenda marehemu mumewe: sandali, waridi na kitone cha asumini. Mama Marashi akachagua chupa tatu kwa kukisia rangi. Akahesabu matone, akatikisa, akanusa kwa madaha, akampaka mwalimu mkononi.

Mwalimu akanusa. Akanusa tena.

"Haya siyo yangu. Haya kama dawa ya meno."

"Ni karafuu," binti akasema kwa sauti ndogo. "Karafuu na mchaichai. Waridi halimo kabisa."

Uso wa mama ulimwaka moto. "Huyu ndiye kaniharibia, mwalimu. Kaja kunichezea chupa mimi sipo, kamimina hiki kwenye kile. Nimemkataza tangu mdogo, hasikii."

Mwalimu alimtazama binti kwa yale macho ya darasani, akasema atapita wiki ijayo, akaenda zake. Binti alisubiri hadi nyayo za mwalimu zikaacha kusikika, akasogeza mkono wake karibu na uso wa mama.

"Mama, leo nimejipaka nini?"

Mama akanusa kwa mazoea ya kuigiza. "Waridi langu, lile ninalokutengenezea. Umewahi kupaka lingine?"

"Nanuka dawa ya kuondoa madoa. Nimefua usiku kucha, sijaoga. Fundi simu kanisalimia akapiga chafya." Akashusha mkono. "Waridi liliisha mwezi wa tatu. Nikasema siombi, nitangoja ugundue mwenyewe. Kila nikija unanikumbatia, unasema unanukia vizuri mwanangu. Nikajua unanidanganya. Nikadhani hunijali tena."

Mama alishika ukingo wa kaunta. Alitaka kuomba radhi, lakini hakuwahi kuzoea kuomba. Binti akaweka ufunguo wa akiba juu ya kaunta, akachukua mkoba wake.

"Njoo kesho," mama akasema. "Nitakutengenezea lingine. Chupa kubwa."

Binti alikuwa ameshafika mlangoni. Alizitazama chupa zilivyojipanga vizuri kwa urefu, kisha akamtazama mama yake.

"Utalijuaje, mama?"