Usipa wa Bei Sifuri

Mimi si mtu wa kukaa. Mwenye nyumba wangu hapa Mbinga ameshazoea kuniona nikizunguka uani na kompyuta mkononi, nimeibeba kama sinia la chai, nasoma huku natembea. Kazi yangu inataka makalio, na mimi nina miguu tu, ndiyo maana tunagombana, mimi na kazi yangu. Naunganisha programu za hesabu za biashara ndogo: duka la pembejeo, mashine ya kukoboa kahawa, fundi wa mageti. Wenye biashara wanaandika mauzo yao kwenye programu ya mtandaoni, na programu hiyo ina upande ulioachwa wazi kwa programu nyingine, ambao wataalamu wanauita kiolesura huria cha data. Jina ni zito, lakini jambo lenyewe ni jepesi. Mwenye hesabu akitoa ruhusa, programu ya mtu mwingine inakuja kusoma, na hakuna anayebeba makaratasi kwenye bahasha.

Mama yangu nilimweleza kwa mfano wa duka alilokuwa nalo zamani. Mlango umefungwa, dirisha lina nondo, na katikati ya nondo kuna tobo la kupitishia mkono. Aliyeko nje haingii ndani, anaonyeshwa alichoomba tu. Mama akauliza huo mkono ni wa nani. Nikamwambia ni wa yeyote atakayemruhusu yeye mwenyewe. Akasema sawa, ila awe anapiga hodi.

Mama yuko Mbamba Bay. Ananunua usipa, wale dagaa wembamba wa ziwa letu, asubuhi mitumbwi inapoingia, anauanika kwenye vichanja nyuma ya nyumba, anauza mkavu. Miaka mingi alikuwa anapanda nao Mbinga na kushinda nao sokoni, na kila Ijumaa mpaka leo konda wa kosta ananikabidhi kifurushi changu, kimefungwa kwa kitambaa ninachokifahamu, nami napokea bila kufikiri. Lakini mgongo wake ulikuwa umekataa. Aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba sokoni hatapanda tena, na asipopata mtu wa kuufuata usipa pale pale kwenye vichanja, ataacha. Utulivu ule ndio ulionitisha. Kutotulia nimerithi kwake, na nikajua akikalishwa kwenye mkeka hatamaliza mwaka bila kuugua.

Ndipo nikasikia habari za Ngaka. Huko kwenye makaa ya mawe, mtu aliyepewa kazi ya kuwapikia wachimbaji alikuwa anatafuta muuza usipa mkavu, wa kila wiki, na gari lake lingeteremka lenyewe mpaka ziwani kuuchukua. Hakutaka barua wala mihuri. Alitaka programu yake iunganishwe na hesabu za muuzaji, isome kinachotoka stoo, ione kama kinatoka mfululizo na kwa bei gani kwa wastani, halafu yenyewe itaje bei ya kununulia. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa. Nilicheka peke yangu njiani kama mwehu, maana kati ya wauza usipa wote wa ufukwe ule, ni nani mwingine ambaye hesabu zake zilikuwa mtandaoni? Mama nilikuwa nimemwingiza mwaka uliopita, kwa ubishi mwingi, na sheria nilimpa moja tu: usipa wowote unaotoka stoo, hata kisado kimoja, hicho kindoo cha kupimia, uandikwe.

Jumatatu nikaunganisha. Mama akabonyeza pale palipoandikwa Ruhusu, akanipigia kuniambia amebonyeza, akapiga tena kuuliza kama mkono umeshaingia. Jumanne jibu likaja, na bei iliyotajwa ilikuwa ya kutukanana. Isingerudisha hata pesa anazowapa wavuvi asubuhi, achilia mbali jasho la kuanika.

Nikampigia kijana wa manunuzi wa kule Ngaka. Mpole, sauti ya kanisani.

"Dada, sisi hatupangi. Mfumo ndio umesema."

"Mfumo umesema kwa kuangalia nini?"

"Umeangalia mama mwenyewe anauzaje. Sisi tunaongeza kidogo juu ya wastani wake."

"Basi mfumo umekosea."

"Mimi sina mkono humo, dada. Ila unasoma upya kila asubuhi mpaka Ijumaa. Kama kuna marekebisho kwenye hesabu zenu, utayaona."

Maneno hayo, mfumo ndio umesema, yananipandisha hasira kuliko tusi, na huwa yananipandisha zaidi kwa sababu wanaoiandika hiyo mifumo ni watu kama mimi. Nilizunguka uani hadi kuku wa mwenye nyumba wakahama. Kisha nikasimama jikoni, kompyuta juu ya mtungi wa gesi, nikaanza kusoma hesabu za mama kama ambavyo ile programu ilizisoma, mstari kwa mstari, bila kumjua mtu.

Tatizo halikujificha. Mama alikuwa ameshika sheria yangu kuliko nilivyotaka. Ziwani kwetu mtu hauanui usipa akaufungia stoo wote. Waliosaidia kuvuta wavu wanapewa kitoweo. Mjane wa nyumba ya juu anapewa. Mgeni wa padri akija, padri anapelekewa. Msiba ukitokea, ndoo inakwenda bila kuulizwa. Yote hayo yanatoka stoo, kwa hiyo mama ameyaandika yote, na kwa kuwa nilimfundisha mahali pamoja tu pa kuandikia kinachotoka, ameyaandika kwenye mauzo. Kisado kimoja, mjane, bei sifuri. Visado viwili, waliovuta wavu, bei sifuri. Programu ya Ngaka ilipojumlisha na kugawanya, ilimwona mama mmoja ambaye leo anauza kwa bei nzuri na kesho anauza bure, ikaamua kwamba bei yake halisi ipo katikati.

Ningeweza kurekebisha nikiwa Mbinga. Nenosiri lake ninalo, nilimwekea mimi. Lakini mkono uligoma. Hesabu zile zilikuwa zake, zimeandikwa kwa kidole chake kimoja na miwani ya kuazima, na kuzigusa bila yeye kuwepo niliona ni kama kumpekulia sanduku. Pia, niseme ukweli, nisingeweza kushinda ndani kutwa nzima na jambo lile kichwani. Jumatano asubuhi nikapanda gari, nikateremka ziwani.

Nilimkuta kwenye vichanja anageuza usipa kwa viganja, kunguru wamejipanga juu ya paa la choo wanamsubiri achoke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Umekuja katikati ya wiki."

Nilimweleza nikiwa nimesimama upande wa pili wa kichanja, mikono nayo ikageuza bila kutumwa. Mengine tulisema kwa Kinyasa, lugha yetu ya ziwani, ila mambo ya hesabu yana Kiswahili chake na tuliyaacha humo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu kwa kumfundisha nusu nusu, na ningependa angenilaumu, ningepata pa kubishia.

"Sasa tuifute hiyo mistari," nikasema.

"Ukifuta, usipa uliotoka umekwenda wapi?"

"Stoo itaonyesha bado upo."

"Na wakija na gari kuufuata?"

Alikuwa amesema kweli. Nikamwambia basi kuna njia nyingine, programu ina sehemu ya bidhaa zilizopotea au kuharibika. Tunahamisha mistari yote ya sifuri huko, wastani unapanda, stoo inabaki sawa. Inaitwa hasara.

Akaacha kugeuza. "Hasara?"

"Ni jina tu, mama."

"Hasara ni mvua inyeshe mchana usipa uko nje. Hasara ni hao," akaonyesha kunguru. "Yule mjane si hasara. Wale wanaovuta wavu wangeacha kuja, huu usipa ungevutwa na nani?"

"Kompyuta haijui hayo."

"Wewe unayajua. Umezaliwa hapa."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilikuwa nimepoteza siku ya kazi na nauli, maombi yanafungwa keshokutwa, na mtu ambaye namhangaikia ananibishia jina la safu kwenye kompyuta. Nikamwambia kwa sauti ambayo simwambiagi mama kwamba mgongo wake ndio utakaolipa. Kisha nikatembea mpaka majini nikarudi, nikaenda tena nikarudi. Alinitazama safari zote hizo, akasema tu kwamba baba yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo na hakuwahi kufika popote.

Tukakaa kizingitini, au tuseme yeye alikaa. Nikafungua kompyuta juu ya pipa la maji nikaanza kumsomea mstari mmoja mmoja, nikitumaini atachoka. Hakuchoka. Kila mstari alikuwa na neno lake. Huyu alijifungua. Hawa walikuwa wageni wa kwaya kutoka ng'ambo ya pili. Huyu ni mkorofi ila ana watoto. Nikawa nasoma na yeye anajibu, na kwa muda kidogo nikasahau kukasirika.

Kisha nikafika kwenye mstari ambao sikuusoma. Kisado kimoja, mwanangu Mbinga, bei sifuri. Nikashuka chini kidogo, upo tena. Nikashuka tena. Ulikuwepo kila Ijumaa tangu siku aliyofungua hizo hesabu, ikiwemo ile miezi niliyorudi kutoka Dar es Salaam bila kazi na bila kumwambia mtu, nikawa nakula usipa asubuhi na jioni, nikidhani mama anatuma kwa mazoea tu. Hakuna mtu katika orodha yote ile aliyekuwa amepewa mara nyingi kuliko mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshushia wastani. Niliona aibu.

"Mbona umenyamaza?" mama akauliza.

"Nimeruka mmoja."

"Usiruke."

Nikausoma. Akacheka kidogo, cheko la pua. "Huyo naye tumweke kwenye hasara?"

Mama alinyoosha mguu, akautazama muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maneno mengi:

"Andika nimekula mimi."

"Mama, huwezi kuwa umekula ndoo tatu kwa siku."

"Usipa ni wangu. Nimeutoa stoo, nimekula. Andika hivyo, wote, na huyo wa Mbinga. Nani atakuja kuniangalia tumbo?"

Alikuwa anatania nusu, lakini mimi nilisimama wima. Ile sehemu ipo. Kila programu ya hesabu inayo, hata za bure: bidhaa alizozichukua mwenye biashara kwa matumizi yake mwenyewe. Si mauzo, kwa hiyo haziingii kwenye wastani. Si hasara. Stoo inapungua kihalali, na hakuna anayeulizwa alimlisha nani. Mwanafunzi wa biashara anajifunza sehemu hiyo wiki ya kwanza, nami nilikuwa nimeipita mara mia bila kuitazama, kwa kuwa nilikuwa nawaza mwenye biashara anakula kwa mdomo wake tu.

Tulihamisha mistari yote mchana ule. Yeye aliniambia nani afuate, mimi nikabonyeza, na yule wa Mbinga nilimwacha mwisho kabisa. Kisha nikamwonyesha mama mahali pa kubonyeza siku nyingine, akajaribu mara kadhaa peke yake mpaka nikaridhika. Gari la mwisho la kupanda mlima nililiwahi kwa mbio.

Alhamisi sikupata kitu. Nilizunguka uani, nikaenda mpaka stendi bila sababu, nikarudi, nikafungua, hakuna. Ijumaa kabla ya saa sita kijana wa manunuzi akapiga mwenyewe. Mfumo umesoma upya, bei imepanda, na bosi wake ameikubali. Gari litateremka Jumanne. Akasita, akaona asiache hivi hivi.

"Lakini dada, samahani. Mama mzazi anapenda usipa kweli."

"Anapenda," nikamwambia.

Nikampigia mama. Akauliza gari ni kubwa kiasi gani na kama dereva atakuwa amekula, akakata simu kabla sijamaliza kushangilia. Mchana nikaenda stendi kama kawaida, konda akanipa kifurushi kwenye kitambaa kile kile. Safari hii nilikibeba kwa mikono miwili.

Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mlango wa chumba simu ilipolia. Ni taarifa ya programu: mwenye hesabu ameingiza kipya. Nikafungua. Kisado kimoja, matumizi ya mwenye biashara. Chini kuna nafasi ya maelezo, ambayo sikumfundisha na wala hakuna anayeijaza, na mama alikuwa ameandika: Nimekula, nimeshiba.

Nami nilikuwa bado sijabandika sufuria.