Macho Kwenye Rasimu

Ukimkuta Clementina kazini utadhani hasikii wala haoni. Amekaa wima, shingo imegeukia kushoto, kwenye karatasi aliyoiandika bosi kwa mkono, na vidole vinakwenda vyenyewe kama vya mwanamke anayechambua mchele huku anapiga soga. Hatazami vidole. Hatazami mashine. Macho kwenye rasimu mpaka nukta ya mwisho.

Ndivyo alivyofundishwa chuoni, enzi za tapureta. Mwalimu wao alikuwa akifunika funguo kwa kitambaa, na msichana aliyeinua macho alitazamwa kama mwizi. Mpiga chapa hasomi barua, aliwaambia. Barua inapita mkononi, haiingii kichwani. Ya kichwani ni ya bosi. Clementina akalishika neno hilo kama amri za Mungu. Amewapigia wakubwa barua za uhamisho, za onyo, za rambirambi, na mimi jirani yake hapa Gungu nikimuuliza jioni, "Mama Diana, leo kuna nini huko serikalini?" ananijibu, "Sijui, Mama Isaka. Mimi nilikuwa napiga chapa."

Nilikuwa namnunia. Nilidhani ananificha, maana mimi nauza dagaa sokoni Kibirizi, na kule hakuna siri inayolala. Kumbe masikini hajui kweli.

Kompyuta zilipoletwa ofisini kwao, yeye na mwenzake Melania wakazipokea kama tapureta zenye kioo. Walikuwa wamesoma chuo kimoja, wakaajiriwa pamoja, meza zao zinatazamana. Mwisho wa kila mstari, kidole kidogo cha kulia kinagonga kitufe cha kushukia chini, kama walivyozoea kurudisha kile chuma cha tapureta. Likitokea jambo la ajabu kwenye kioo, wanaita, "Sia! Njoo, mashine imegoma." Sia ni binti aliyetoka Moshi, afisa wa mambo ya kompyuta. Anakuja, anabonyeza, anaondoka. Wao wanaendelea.

Maisha yakaenda hivyo mpaka Bwana Walter, mkuu wa ofisi yao, alipowaita wote na kuwasomea waraka. Kila anayekalia kompyuta atafanya mtihani wa kompyuta. Anayefeli atarudia. Akifeli tena, atapangiwa kazi nyingine.

"Kazi gani, bosi?" Melania akauliza. Huyo hana breki ya mdomo, ndiyo maana nampenda.

Macho ya Bwana Walter yakaenda kwenye chupa ya chai. Mhudumu wa ofisi alikuwa amestaafu, na nafasi ilikuwa wazi: kuchemsha chai, kufagia, kupeleka mafaili mlango kwa mlango.

"Mshahara haupungui," akasema. Kama vile mtu anakalia kiti chake kwa ajili ya mshahara tu! Clementina aliwapigia chapa wakuu wa ofisi ile tangu wa kwanza aliyemkuta mpaka huyu. Sasa awapelekee kikombe wale wale waliokuwa wakigonga mlango wake na kusema, "Mama, naomba unisaidie barua hii"?

Siku ya mtihani aliondoka nyumbani hana wasiwasi. Kupiga chapa, nani amfundishe? Walipewa barua ya ukurasa mmoja. Waipige, waihifadhi, waitoe kwenye karatasi. Clementina akageuza shingo, akaanza. Wanasema chumba kizima kilisikia, kama mvua juu ya bati, na vijana wa masijala wakaacha kazi zao kumwangalia. Akamaliza wa kwanza, akakunja mikono, ndipo akainua macho.

Kioo kilikuwa cheusi.

Kumbe katikati ya barua palitokea kisanduku cha maandishi kikiuliza: mashine izimwe iwashwe upya, sasa au baadaye? Yeye macho yake yako kwenye rasimu. Mstari ukaisha, kidole kidogo kikagonga kama kawaida yake, na kule kugonga ndiko kujibu "sasa". Mashine ikatii, ikajizima. Barua yote iliyobaki aliipigia hewani. Melania naye yakamkuta yale yale.

"Mashine mbovu!" Melania akalalamika.

"Si mbovu, mama," msimamizi akamwambia. "Visanduku vitatokea. Kuvijibu nako ni mtihani."

Jioni ile nilikuwa uani natoa mchanga kwenye dagaa. Clementina akapita kama askari, hajaniamkia.

"Mama Diana! Hata salamu? Umefaulu nini, umekuwa mkuu wa wilaya?"

"Nimepiga hewa," akasema, akakaa juu ya gunia langu tupu na gauni lake la kazini. Akanieleza.

"Sasa hukukiona hicho kisanduku? Kikubwa hivyo, katikati ya kioo?"

"Nitakionaje na macho yangu yako kwenye rasimu?"

"Ungekuwa mwanika dagaa wewe, mvua ingekufilisi. Sisi mkono uko kwenye dagaa, jicho liko mawinguni."

Nilitaka acheke. Hakucheka. Akasema taratibu, "Mama Isaka, mimi kazini sijawahi kuulizwa kitu. Naambiwa piga, napiga. Leo mashine inaniuliza ndiyo au hapana. Hata ningekiona, ningemwita nani?"

Nikaendelea na dagaa wangu. Kuna maneno ukiyajibu haraka unayaharibu.

Kesho yake akamwendea Sia na kumwomba amfundishe baada ya saa za kazi. Si jambo dogo. Sia ni umri wa Diana, binti yake. Akamwalika na Melania. Melania akakataa katakata.

"Unajifunza kutembea upya na miguu unayo?"

"Miguu ninayo," Clementina akamjibu, "njia ndiyo imehama."

"Mimi njia yangu naijua hata gizani. Kisanduku kitanikuta napita."

Sia akaanza na shingo. "Mama, soma mstari mmoja, uweke kichwani, halafu upige huku unatazama skrini."

"Kichwani?"

"Ndiyo, kichwani. Na kile kitufe cha mwisho wa mstari ukiache. Mashine inashuka yenyewe."

"Na kisanduku kikija?"

"Unasimama. Unakisoma. Unaamua."

"Niamue mimi?"

"Wewe, mama. Siku hiyo mimi sitakuwa chumbani."

Wiki ile ya kwanza alikuwa kama mtu aliyefungwa kamba. Akiinua macho vidole vinapotea, akivipata vidole macho yameshakimbilia kwenye rasimu. Kasi yake yote, ile mvua ya bati, ikawa matone ya bomba bovu. Siku moja akamgeukia Sia kwa hasira: "Mwanangu, unaning'oa jino zima!"

"Zima, mama, lakini ni la kushoto na chakula kimehamia kulia," Sia akamjibu, wala hakukasirika. Wote wawili wakacheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Nyumbani akawa anafanya mazoezi juu ya meza ya kulia. Anafungua kitabu cha nyimbo za kanisani, anasoma mstari, anainua macho ukutani, vidole vinagonga mbao. Mumewe, Elikana, anayeunda maboti Katonga, akaja kuniuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, huyu anaombea nini? Ananiombea mimi?"

"Anakuombea uache kukoroma," nikamwambia. "Mwache."

Lakini kuna jambo lilianza wakati ule ambalo hata Sia hakulitegemea. Zamani Clementina alikuwa anarudi kazini na mgongo unaouma, basi. Sasa akawa anarudi na uso. Jioni nyingine umekunjamana, nyingine umelainika, na mara moja alikaa kizingitini kwangu muda mrefu akiangalia watu wanavyopita.

"Kuna nini?"

"Siwezi kusema, ni mambo ya ofisi." Halafu akanigeukia. "Lakini hivi, Mama Isaka, zile barua zote nilizopiga... kila moja ilikuwa na mtu ndani yake."

"Ulidhani zina nini, viazi?"

"Sikudhani. Ndiyo hivyo, sikudhani kitu."

Sikumcheka, ingawa mdomo ulikuwa tayari. Nilikuwa nimemnunia jirani yangu kwa kuficha mambo, kumbe mambo yenyewe yalipita ndani ya mikono yake kama maji ndani ya wavu. Unamwonea wivu mtu wa namna hiyo, au unamhurumia? Mpaka leo sijakata shauri. Nadhani kule kutojua kulikuwa usingizi wake, na aliulala vizuri.

Siku ya kurudia mtihani walikaa bega kwa bega, yeye na Melania. Melania akaanza kwa mvua kubwa. Clementina anasema hapo ndipo alipokaribia kushindwa. Si kwa kutojua. Alisikia ile sauti pembeni yake, vidole vyake vikawashwa kuifuata. Hiyo ilikuwa sauti yao wote wawili. Yeye sasa anadonoa kama kuku mgonjwa, na vijana wale wale wa masijala wanamwona.

Akasoma mstari, akainua macho, akapiga. Akasoma, akainua. Na kikaja. Kisanduku kimesimama katikati ya kioo, sasa au baadaye. Clementina akaweka mikono mapajani. Akakisoma mara mbili. Hakuna wa kuita. Akachagua "baadaye", na kisanduku kikaondoka kwa adabu zote, barua yake ikabaki pale pale.

Pembeni yake, mvua ya Melania ikaendelea kunyesha juu ya kioo cheusi.

Clementina aliona. Nilimuuliza, "Ukamwambia?" Akasema katika mtihani hairuhusiwi. Halafu akasema, "Na hata ingeruhusiwa, mashine yake ilikuwa imeshazimika."

Muda ukaisha kabla hajamaliza aya ya mwisho. Akafaulu kwa kupenya, alama za mlangoni, yeye aliyekuwa bingwa wa kasi wa chuo chake. Sia akamkumbatia. Elikana akaleta samaki, kuhe mkubwa, kutoka Katonga, tukamla wote. Clementina akala kidogo. Nikadhani ni alama zinamkera.

Yaliyofuata sikuambiwa na Clementina. Aliyenieleza ni Melania mwenyewe, amesimama mbele ya meza yangu Kibirizi, sauti juu, wachuuzi wote wanasikia, kwa hiyo simtobolei mtu siri.

Siku chache baada ya matokeo, Bwana Walter akaweka rasimu mezani kwa Clementina. Barua ya kumpangia Melania kazi ya uhudumu wa ofisi. Meza ya mbele yake ilikuwa tupu, Melania ameshatoa vitu vyake kwenye droo. Clementina akasoma mstari wa kwanza, akauweka kichwani, akainua macho, akapiga. Wa pili. Alipofika penye "kushindwa kukidhi vigezo" akakwama, kama alivyomsimulia Melania baadaye. Akajaribu njia ya zamani: akageuza shingo kushoto, akaviachia vidole viende vyenyewe, barua ipite bila kuingia. Haikuwezekana. Maneno yaliingia tu. Ule mlango wa kichwani ukishafunguliwa haufungiki, hata ukiusukuma kwa bega.

Akamaliza. Akaikagua, akaitoa, Bwana Walter akasaini. Kawaida barua inakwenda masijala, inaandikwa, inapelekwa na mhudumu. Lakini mhudumu ndiye huyo huyo mwenye barua. Clementina akaichukua mwenyewe mpaka chumba kidogo cha nyuma, Melania yuko pale anasuuza vikombe.

"Mwakeye," akamsalimia kwa Kiha, kama walivyokuwa wakisalimiana walipoanza kazi, kabla hawajajifanya watu wa mjini.

Melania akaiona karatasi. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Umeipiga wewe."

"Mimi."

"Ina kosa?"

"Haina."

"Hata nukta?"

"Hata nukta, Melania."

"Ningeshangaa." Akafuta mikono kwenye kitenge, lakini hakunyoosha mkono kuipokea. "Sasa wewe siku hizi ndiye msomaji. Basi nisomee. Nikiisoma mwenyewe nitaichana."

Clementina akausukuma mlango wa chumba ukafungika. Akaishika barua kwa mikono miwili, akaanza kumsomea, pole pole, na kila mwisho wa mstari akainua macho kumtazama.