Paradaimu Niliyomtafsiria Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya maendeleo Musoma, Bwana Mkuu hakunipa hata kiti. Alinipa hotuba ya Kiingereza niigeuze Kiswahili kabla ya chai. Mimi mkalimani, kijana wa Nyamuswa, nikajiona nimefika! Mstari wa pili tu nikakwama: paradaimu.

Siku zile mkalimani alikuwaga na kamusi moja na mdomo wake. Kamusi ilisema neno ni la Wagiriki: kuonyesha kitu kwa kukiweka kando ya kingine. Yaani mfano. Walimu wa sarufi wakalitumia kuita majedwali ya vitenzi. Baadaye watu wa sayansi wakalipandisha cheo, likawa ile fikra nzima ambayo kwayo watu wanaiona dunia. Ikibadilika, hata maswali ya zamani yanakosa pa kukaa. Nikaandika "mfano". Bwana Mkuu akafuta, akasema mfano ni wa watoto wa shule. Nikaandika "namna mpya ya kuona maisha". Hapo akaridhika.

Nikahamishiwa Bunda, chini ya Mtaalamu wa Mipango, mzungu mpole mwenye haraka. Ilikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, na mkutano mmoja ukaangukia Nyamuswa, kwetu. Naye akalitaja lile neno paradaimu, nikatafsiri vile vile, watu wakapiga makofi.

Mama yangu akasimama. Baba tulikuwa tumemzika penye lango la zizi, ndiyo desturi yetu kwa mwenye mji, mkuu wa kaya, na mkewe hulazwa humo humo. Akauliza:

"Kwenye hiyo namna mpya, aliyelala zizini naye anahama?"

Nikamgeuzia Mtaalamu swali kwa Kiingereza. Akajibu kwamba mpango hauhusu wafu. Nikawa natafuta maneno laini, Mama akanikatiza.

"Usihangaike, mwanangu. Nimeshamwelewa."

Akahamia nyumba ya kijiji kipya, kando ya barabara. Alipofariki tukaomba kumrudisha zizini akalale na Baba, lakini pale palishalimwa pamba ya kijiji, na lango lilipokuwa hakuna aliyeweza kupaonyesha. Tukamzika nyuma ya nyumba ya barabarani, peke yake. Inaniuma mpaka leo, sitaficha.

Sasa nimestaafu, niko Kitaji, hapa Musoma mjini. Vijana wa semina wananiitaga niwaeleze paradaimu, nami nawaeleza maana zake zote bila kusita. Wanangu nao wananiuliza nitazikwa wapi. Hapo mkalimani mzima nakosa neno.