Taya Lilitangulia Kusamehe

Wapendwa, kabla sijaanza naomba mniitikie "Amina" kwa sauti ya chini. Hivyo hivyo. Mtaelewa kwa nini.

Naitwa Filemoni, wengi mnaniita Papa Esta. Nilizaliwa Uvira, ng'ambo ile ya Kongo, nikarudi Rwanda na wazazi wangu nikiwa kijana. Nalima mpunga hapa Bugarama, na kanisani naimbisha kwaya. Kabla ya ugonjwa nilikuwa mtu wa maneno mengi. Mke wangu anatikisa kichwa pale. Anasema nisiseme "nilikuwa".

Shamba langu limepakana na la Zakaria, yule mrefu mwenye mabega kama mlango. Hatukuwa tunasalimiana. Yeye alisema nampitishia baiskeli kwenye tuta lake na kulibomoa. Mimi nilisema tuta ni njia ya watu wote. Tulibishana mpaka wakuu wa ushirika wa mpunga wakatuchoka.

Asubuhi moja nashuka tutani, miguu mitupu kwa sababu ya tope, nikakanyaga ubao. Msumari wenye kutu ukazama kisiginoni. Niliuchomoa huku narukaruka kwa mguu mmoja, nikaosha jeraha kwa maji ya mfereji, yale ambayo ng'ombe hunywa na kufanyia mambo mengine pia.

"Papa Esta, uende ku santé bakuchome sindano," mke wangu akasema, akionyesha upande wa zahanati.

"Maman, mimi niliokoka. Musumari ni kitu gani?"

"Kwani wokovu yako ilifika mpaka ku kisigino?"

Nikapaka mafuta ya taa, nikafunga kitambaa, nikasahau.

Jeraha likakauka vizuri. Kisha, baada ya wiki hivi, taya likaanza kukaza. Nilidhani ni jino. Mezani kulikuwa na ugali na ndagala, wale dagaa wetu, mdomo ukakataa kufunguka zaidi ya upana wa kidole. Nikawa nasukuma ndagala mmoja mmoja, kama mtu anayepitisha karatasi chini ya mlango. Jioni nzima sikusema neno. Mke wangu alikuja kukiri kwamba siku ile alimshukuru Mungu kwa kujibu maombi yake.

Jumapili nikasimama mbele ya kwaya, nikaimbisha meno yakiwa yamefungwa. Sauti ilitokea puani. Kwaya yangu ni watiifu: nao wakafunga meno wakaimba vile vile. Mama mmoja alisema mtindo huu mpya una upako kabisa. Halafu ngoma ikapigwa. Mgongo wangu ukajipinda kama upinde, nikaanguka chali, kichwa na visigino tu vikigusa sakafu. Nilihisi uti wa mgongo unakatika. Na akili zangu zote nilikuwa nazo. Hilo ndilo baya la ugonjwa huu: unasikia kila kitu.

Wakanikimbiza hospitali ya kule mlimani. Daktari akautazama uso wangu, akautazama mguu, akasema, "Tetanosi."

Mwalimu mmoja aliyekuwa nasi akatafsiri: "Yaani pepopunda."

Mchungaji wetu alisikia nusu ya kwanza tu. "Pepo! Nilijuaka!"

Daktari akamwambia mke wangu bila kuficha: "Anaweza kufa. Tutamweka kwenye chumba chenye giza, na kimya kabisa. Kelele yoyote itamkaza misuli."

Nikachomwa sindano nyingi. Wakanipitishia mpira puani kwa ajili ya uji, na mwingine kule chini kwa ajili ya mkojo. Mate yalinishinda kumeza, yakawa yanafyonzwa kwa mashine. Jasho lililowesha godoro. Na uso, ndugu zangu, uso ulikakamaa katika tabasamu kubwa, meno yote nje, nyusi juu. Ni dalili ya ugonjwa, lakini wageni hawakujua. Shangazi yangu kutoka Gitambi alichungulia mlangoni akatokwa machozi ya furaha: "Anaona malaika!"

Mimi nilikuwa naona dari.

Kisha kikundi cha maombi kikaja. Mchungaji akanyoosha mkono: "Toka!" Mwili wangu ukaruka. Wakashangilia: "Anatoka! Anatoka!" Kila walipopaza sauti mimi nilijipinda, na kila nilipojipinda wao walipaza sauti. Pumzi ilikatika, nikaanza kubadilika rangi. Nusura niuawe na maombi.

Mlango ukafunguka. Akaingia muuguzi mmoja mtawa, mfupi, tuliyemwita Masela, yaani Sista. "Bandugu," akasema polepole, "Mungu si kiziwi. Muombe pole-pole, ao muende."

Wakaomba kwa kunong'ona. Kama hujawahi kusikia walokole wakinong'ona kwa bidii, fikiria matairi mengi yanayotoa upepo kwa pamoja.

Siku iliyofuata akaja Zakaria. Alitembea kwa ncha za vidole, jitu zima lile, akakaa, akainama sikioni pangu.

"Filemoni, ule ubao ni miye nilitiaka pale. Nilitaka itoboe tairi ya velo yako. Sikuwazaka muguu. Kama unakufa, ni miye nimekuua. Unisamehe."

Ningeweza, ningemng'ata, lakini meno yangu yalikuwa yameshikana. Akainua macho kuona nitajibu nini. Akakutana na tabasamu.

"Unanichekea?" Akapiga magoti kando ya kitanda. "Bwana Yesu, kama muntu niliyemuua ananichekea hivi, basi na weye unaweza kunipokea."

Akalia akiwa ameuma mkono wa koti lake, asije akanishtua. Nami ndani nilikuwa napiga kelele: Hapana! Ni tetanosi!

Jumapili alikwenda mbele ya kanisa, akasema yote, ubao na msumari, akaokoka. Jioni alifika nyumbani kwangu kuomba msamaha. Mke wangu akamfukuza kwa mwiko. Kesho yake akarudi, na kesho yake tena. Akapalilia mpunga wangu. Akawa anaupandisha uji mlimani kwa miguu, na Masela akamfundisha kuumimina kwenye ule mpira.

Fikirini. Aliyenilaza ndiye ananilisha, na siwezi hata kukataa. Nimeimba habari za neema miaka mingi, lakini gizani mle niliomba, "Mungu, mwondoe huyu mtu machoni pangu." Mungu akamwacha pale pale, na kikombe chake. Hasira nayo huchoka. Siku moja mvua ilinyesha, Zakaria akachelewa, nikashtukia masikio yangu yanatafuta hatua zake kwenye korido.

Polepole taya likalegea. Kwanza kidole kikapita, halafu kijiko. Siku nilipoweza kusema nikamwambia ukweli: "Zakaria, siku ile sikukuchekea. Ulikuwa ugonjwa. Nilitaka kukung'ata."

Akaweka kikombe chini.

"Na leo?"

"Leo nimekusamehe. Ni miye mwenyewe, si taya."

Akakiinua tena kikombe. "Basi Mungu alitumia meno yako bila kukuomba ruhusa."

Tukacheka. Mbavu ziliniuma vibaya, Masela akaja kututuliza.

Namshukuru Mungu, na madaktari, na Masela, na mke wangu aliyenifundisha tena kutembea kwa kunitangulia hatua mbili na sahani ya chakula. Ninyi mnaoingia mashambani bila viatu, nisikieni: ukichomwa na kitu, osha kwa sabuni na maji safi, uende santé siku hiyo hiyo. Kuokoka hakuzuii kutu. Na ukiwa na ugomvi na jirani, umalize wakati mdomo wako bado unafunguka.

Daktari alinieleza kwamba kuugua mara moja hakukukingi. Hata mimi ilibidi nichanjwe. Zakaria naye hakuwahi kuchanjwa, kwa hiyo tulikwenda pamoja. Mimi nilichomwa kwanza. Ilipofika zamu yake aliitazama sindano, akateleza ukutani taratibu, akalala sakafuni kwa urefu wake wote.

Muuguzi akashtuka. "Huyu ni nani wako?"

"Ni ndugu yangu," nikasema, nikakaa chini, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu.