Breki Zilizokataa Asubuhi

Kwa muda mrefu nilikana, mbele ya wakubwa zangu, mbele ya wenzangu, na baadaye mbele ya wanangu, kwamba niliingia kazi ya ufundi wa magari bila kujua kuendesha gari. Leo nakiri. Nilijua kulifungua gari lote na kulifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani, lakini ukiniweka nyuma ya usukani na kuniambia twende, nilikuwa kama abiria aliyekosea kiti.

Siku ya kwanza nilifika gereji yetu ya Gerezani, jirani na reli, nikiwa nimevaa shati jeupe. Hilo peke yake lingetosha kunifukuzisha. Nilikuwa nimesoma shule kiasi cha kuelewa kitabu cha Kiingereza kinachokuja na gari, na niliamini kwamba kitabu hicho ndicho gari lenyewe. Fundi Mkuu alikuwa Kalasinga mrefu, kilemba chake hakikupata doa hata siku za kushusha injini. Alilitazama shati langu, kisha akauliza:

“Unajua kuendesha?”

“Najua, bwana.”

“Vizuri. Shika ufagio.”

Hivyo ndivyo uongo wangu ulivyopata kazi kabla yangu. Nilifagia miezi mingi, nikapandishwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kisha nikapewa spana. Gari likitakiwa kutolewa nje, nilikuwa nainua mikono na kusema, “Nina grisi, bwana, nitachafua usukani.” Waliniona mtu msafi. Meneja wetu, Mwingereza mpole aliyependa kuuliza hali ya mama yangu kila Jumatatu, alinisifu mbele ya wenzangu kwa kutunza mali ya wateja.

Vijana wa leo hamkuzikuta breki za wakati ule. Nyingi zilikuwa za vyuma na waya: ukikanyaga, chuma kinavuta waya, waya unavuta viatu vya breki, yaani vile vipande vilivyopinda ambavyo hubana ngoma ya gurudumu kwa ndani. Zikiharibika, unaona kwa macho kilichokatika. Halafu yakaja magari yenye breki za mafuta. Humo hakuna waya. Kuna pampu chini ya sakafu, karibu na miguu ya dereva, na kibakuli chake cha mafuta. Ukikanyaga, mafuta husukumwa kwenye mabomba membamba mpaka kwenye magurudumu, na ukiachia hurudi kibakulini kupitia kitundu kidogo. Mafuta hayo yalikuja kwa meli, kwenye makopo, na yalinuka kama dawa.

Meneja alinituma Morogoro, kisha Dodoma, nikajifunze kwa mafundi wa huko. Niliporudi Gerezani nilikuwa fundi wa breki, na bado sijui kuendesha.

Gari ninalotaka kuwasimulia lilikuwa la Mzee Nasoro, mfanyabiashara wa Kariakoo, Mwarabu ambaye babu yake alizaliwa hapa hapa. Aliuza mafuta ya nazi kwa pipa na kwa chupa. Dereva wake alikuwa Mshamu, mtu wa makamo, mtaratibu, anayesalimia hadi punda wa mikokoteni. Asubuhi moja ya kipupwe, Mshamu aligonga ukuta wa duka la tajiri wake mwenyewe. Akasema breki zilikataa. Saa sita mchana Mzee Nasoro akapanda gari, akazunguka nalo Mnazi Mmoja, akakanyaga breki mara nyingi kadiri alivyoweza bila kuchekwa, na zote zikashika.

Walikuja wote wawili gereji, mchana huo huo.

“Breki zangu nzima,” Mzee Nasoro alimwambia Fundi Mkuu. “Nataka unithibitishie tu kwamba mbovu ni huyu.”

“Mzee, wallahi zilikataa,” Mshamu akasema.

“Zilikataa kwako, kwangu zikakubali? Zinajua mwenye mali, siyo?”

Fundi Mkuu alilijaribu mwenyewe. Gari likasimama langoni kama limepigiliwa misumari. Akashuka, akampangusia Mzee Nasoro mlango kwa kitambaa, na akatamka kanuni aliyotufundisha sote: “Gari haliongopi, mzee. Dereva ndiye anayeongopa.”

Mzee Nasoro akamgeukia Mshamu. Alisema atampa nafasi mpaka mwisho wa wiki. Likigonga tena chochote, hata jani, akabidhi ufunguo. Sote tulielewa maana yake. Dereva aliyefukuzwa kwa kugonga hakupata tajiri mwingine Kariakoo nzima, kwa sababu matajiri wote walikunywa kahawa kwenye baraza moja.

Hapo ujinga wangu ukanifaa. Fundi anayejua kuendesha hulijaribu gari mwenyewe, na akimaliza hana haja ya kumuuliza mtu. Mimi nilizoea kuwauliza madereva, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine. Nilimfuata Mshamu nje.

“Huwa zinakataa saa ngapi?”

“Asubuhi tu. Tena si kila asubuhi.”

“Asubuhi ya namna gani?”

Akafikiri. “Ile ya kutotaka kutoka kwenye shuka. Jua likipanda, gari linakuwa pole kama mkwe.”

Najua wasomaji wa Njombe na Lushoto watacheka nikitaja baridi ya Dar es Salaam. Fundi Mkuu naye alicheka, yeye aliyekulia kwao ng'ambo, kwenye umande unaoganda. Lakini sisi wa pwani tunayo yetu, mwezi wa Juni na Julai, na tunaiogopa kwa heshima. Nilimwambia Mshamu tutakutana uani kwa Mzee Nasoro alfajiri, siku ya kwanza itakayotutia baridi.

Siku hiyo haikuchelewa. Mshamu alikuja amejifunga kanga ya mkewe kichwani. Kabla ya kuwasha gari alinionyesha usukani.

“Endesha wewe, uone mwenyewe.”

“Nina grisi mikononi,” nikasema, kwa mazoea.

Aliitazama mikono yangu. Nilikuwa nimetoka kuswali. Ilikuwa misafi kuliko yake. Akapanda, nami nikakaa pembeni.

Tulitoka polepole. Kwenye kona ya kwanza akakanyaga, nikaona goti lake linatetemeka kwa nguvu aliyotia. Kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe, na gari likaendelea na safari yake, likivutia kushoto, kumwelekea mama mmoja aliyekuwa akichoma vitumbua. Mshamu akavuta breki ya mkono na kupiga honi kwa pamoja. Tulisimama hatua chache mbele ya jiko lake, naye kwa kuruka akaangusha sufuria ya uji.

“Nyie! Mnataka kuniua na vitumbua vyangu?”

“Utuwie radhi, mama, ni breki.”

“Breki ni zangu mimi? Nunueni basi, kwa kuwa mmeshanimwagia uji wa watu!”

Tulinunua. Mshamu alikula chake machozi yakimlengalenga, nami nikafunua ubao wa sakafuni, nikafungua kifuniko cha kibakuli cha pampu, nikachovya kidole.

Kidole kilitoka cheupe. Nilikinusa. Nilinusa nywele za mama yangu.

Kila mtu aliyelelewa Dar es Salaam anaijua chupa ya mafuta ya nazi siku ya baridi: inaganda, inakuwa nyeupe, mpaka uiweke juani ndipo utapata tone la kupaka. Ndani ya mabomba ya breki palikuwa na mafuta hayo hayo. Asubuhi yaligoma kwenda na yaligoma kurudi. Jua likipanda yaliyeyuka, yakawa maangavu na manyenyekevu, na gereji kwetu, katikati ya harufu ya petroli na grisi, hakuna pua iliyoyashtukia, pamoja na hii yangu.

“Nani anatia mafuta humu?” nikamuuliza Mshamu.

“Mzee mwenyewe. Gurudumu moja linavuja kidogo, basi kila wiki anajaza. Kasema ya kwenye kopo yananuka, haya yetu safi, hata mtoto anakunywa.”

Nilimpelekea Fundi Mkuu habari. Alivua miwani.

“Ukimwambia mteja kwamba kosa ni lake, tumempoteza mteja,” akasema. “Usipomwambia, yule amepoteza kazi.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, “Na mimi nilimwita mwongo. Nenda.”

Hii ndiyo sababu namshukuru mpaka leo. Alikuwa na haki ya kuninyamazisha, na hakuitumia.

Tuliyatoa mafuta yote, tukasafisha mabomba kwa spiriti, tukabadilisha raba za pampu zilizovimba, tukaziba panapovuja, tukatia mafuta ya kopo. Sikujua namna ya kumwambia Mzee Nasoro, basi sikumwambia. Nilitia mafuta tuliyoyatoa kwenye chupa moja na ya kopo kwenye nyingine, nikazilaza nje, na asubuhi nikaziweka zote mbili mezani kwake. Moja nyeupe imeganda, moja inacheza.

Akaitazama ile nyeupe. Akaifungua, akanusa. Mshamu, aliyekuwa mlangoni, alitazama miguu yake.

“Haya yametoka kwenye gari?”

“Ndiyo, mzee.”

“Ni yangu haya.” Akanusa tena. “Ya pipa la nyuma. Mazuri.” Akafunga chupa. “Haya, nendeni.”

Mshamu alirudi kwenye gari bila kujua kama bado ni dereva.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo, nimestaafu nikiwa na vidole vyote na marafiki wengi, na mkwe anayenitengenezea gari ninalolipanda kwa pembeni. Nashukuru. Siwezi kusema breki zilinitajirisha, lakini zilinifundisha kukaa karibu na mtu anayesema jambo lisiloaminika, na kumngojea mpaka baridi ije. Nikiulizwa siku ipi ya kazi nzima ningependa irudi, ni ile Ijumaa Meneja aliponiita ofisini, akasema, “Simu yako.” Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu. Niliishika juu chini, Meneja akanigeuzia taratibu.

“Fundi?” Ilikuwa sauti ya Mzee Nasoro.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Leo baridi.”

“Baridi sana, mzee.”

“Nimeweka pipa la mafuta katikati ya uwanja. Nimemwambia Mshamu aje nalo gari mbio, afunge breki mbele ya pipa.” Akakohoa. “Pipa lipo. Mshamu yupo, na atakuwepo. Nimemwomba radhi, usiulize zaidi.”

“Alhamdulillahi, mzee.”

“Sasa sikiliza. Anasema nawe uje jioni, akufundishe kuendesha.”

Nilimtazama Meneja. Alikuwa amesimama karibu mno, na simu za wakati ule zilipiga kelele. Alikuwa anatabasamu.

“Nakuja, mzee,” nikasema.