Vitambaa Ishirini na Vinne Shambani kwa Mzee Kigen

Shimo la kwanza lilikuwa tupu.

Nikajiambia nimekosea kuhesabu hatua. Nikafukua la pili. Tupu. La tatu, tupu. Kufika la kumi na moja naongea peke yangu kama mlevi.

Vitambaa vyote ishirini na vinne vilikuwa vimeenda.

Wasee, wacha niwaeleze kwanza, ndio mjue kwa nini msichana mzima nilikaa kwenye matope ya shamba huko Kimumu nikalia.

Naitwa Seline. Nilikuwa mwaka wa nne chuoni hapa Eldoret, nikisomea digrii ya honours ya uendelevu, ile ya kuchanganya masomo: udongo upande mmoja, jamii upande wa pili, na supavaiza wawili wa kunisimamia ambao hata chai hawanywi pamoja. Utafiti wangu wa kwanza ulikuwa umeanguka. Barua ya idara ikasema wazi: jaribio moja tu limebaki, na nikishindwa, honours nisahau.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unapima kitambaa cha pamba kwa mizani, unakizika, unangoja siku sitini, unakifukua na kukipima tena. Udongo ulio hai hukila. Uliochoka hukiacha vile vile.

Shamba lilikuwa la Mzee Kigen. Alitia sahihi fomu yangu bila hata kuisoma.

"Njoo Jumanne," aliniambia. "Ni siku ya soko. Hakuna mtu atakusumbua."

Nikaona nimebahatika kweli.

Daktari Nanzala, supavaiza wangu wa jamii, alikuwa amenionya. "Seline, ongea na wenye wanalima, si mwenye title ya shamba peke yake." Nikamjibu nitaandika hiyo sura ya jamii baadaye. Kusema kweli, niliiona kama mapambo.

Sasa siku ya sitini ndiyo hiyo, mashimo matupu, na nawasilisha mbele ya jopo la chuo baada ya siku tisa. Hata nikizika vingine, sitini haiingii kwa tisa.

Nikajikokota mpaka bomani kwa mzee kuuliza. Ndipo nikaviona.

Vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba nyuma ya jikoni. Vimefuliwa kwa sabuni, vimesuguliwa, namba zangu zote zimetoka. Vingine vilikuwa na matundu, vingine vizima, na singejua kipi kilitoka shimo gani.

Mama Jerop, mke wa mzee, akatoka jikoni na jembe mkononi. Hatukuwa tumewahi kuonana.

"Ni wewe wametuma?"

"Mama, mimi ni mwanafunzi. Hivyo vitambaa ni vyangu, vya utafiti."

"Siku hizi kila mtu ni mwanafunzi! Wanaume walikuja na mashine ya miguu tatu, mzee akaniambia ni watu wa chuo, wanapima udongo. Hapo kwa jirani Phineas walianza na vitambaa na namba, hivi hivi. Saa hii ni ploti tupu. Mahindi hakuna!"

Nikamtolea fomu. Akaisoma polepole, kidole chake kikasimama kwenye sahihi ya mumewe. Hasira ikamwisha usoni ikabaki hofu.

"Kuja," akasema.

Akanipeleka mpaka kwenye ua wa shamba, akafunua nyasi kwa jembe. Chini yake kulikuwa na kijiguzo cha simiti chenye chuma katikati. Kipya.

"Zako niling'oa na mkono. Hii imenishinda. Niambie ukweli, mtoto wangu. Hii pia ni ya shule?"

Haikuwa ya shule. Ilikuwa alama ya mpimaji wa ardhi, ya kukata ploti.

Hapo ndipo nilipoelewa ile sahihi ya haraka na ile siku ya soko, mke akiwa hayuko. Mzee alikuwa anauza shamba kwa siri, na alinihitaji kuliko nilivyomhitaji. Alitaka mwanafunzi wa kweli mwenye fomu ya kweli, ili mpimaji akionekana shambani, mke apewe jibu. Nilikuwa pazia lake.

Tulikaa pale kwenye nyasi na matope tukalia, yeye akililia shamba, mimi nikililia digrii.

Yote niliyaandika kwenye ripoti. Daktari Murunga wa udongo akanitazama kwa huruma. "Pole sana, Seline. Lakini hakuna data, hakuna honours." Daktari Nanzala alinipigania mpaka sauti ikamkauka. Wapi! Nikahitimu na digrii ya kawaida, na sitawadanganya, bado inaniuma.

Mama Jerop naye alisimama mbele ya bodi ya ardhi akakataa shamba liuzwe. Bodi ikamsikia. Mzee Kigen hanisalimii mpaka leo.

Halafu miezi miwili baada ya bodi kukaa, simu ikalia.

"Seline, kuja na ile mizani yako."

"Mama, shule iliisha. Nilishapoteza."

"Najua. Lakini siku ile bodi ilikataa, nilirudisha vitambaa zako chini, moja kwa kila shimo, na namba nimeandika kwa kitabu. Nimekuwa nikihesabu. Leo ni sitini."

Nikabeba mizani nikaenda.

Wewe unayesomea ardhi, chukua hili kutoka kwangu: kabla hujauliza kama udongo uko hai, muulize anayeulima kama mwakani atakuwa bado yuko hapo.